Kuchagua Bomba la Kupulizia Linalodumu kwa Kazi ya Kusafisha Mapaa

Somo kwa wanunuzi na wafanyabiashara wadogo wa Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika

Kiangazi kinapokaribia kwisha, mapaa ya Kigoma huwa yamebeba vumbi jekundu la mitaani, majivu ya nyasi zilizochomwa vilimani, majani ya miembe na kinyesi cha ndege. Mvua za kwanza zikinyesha, uchafu huo huteremka kwa mifereji ya paa hadi kwenye tanki ambalo familia huteka maji ya kupikia na ya kunywa. Huo ndio msimu ambao kazi ya kusafisha mapaa hutafutwa. Ni kazi ya mtaji mdogo: ngazi, brashi, ndoo, mpira wa maji na bomba la kupulizia, lile ambalo wakulima wengi hulibeba mgongoni na baadhi ya maduka hulitaja kwa jina la solo. Katika vifaa hivyo, bomba ndilo linalogharimu zaidi likiharibika mapema, na ndilo linaloweza kumdhuru anayelitumia.

Tuchukue mfano. Kijana wa Mwanga amejiwekea akiba, akaingia dukani na kuomba "bomba zuri la lita kumi na sita". Muuzaji anamchagulia moja, analipa, anaondoka. Wiki ya tatu bomba linaanza kuvuja mgongoni, na kinachovuja ni maji yaliyochanganywa na klorini. Anaporudi dukani anajibiwa kwamba bomba lile ni la shambani, na kwamba hakuna aliyemwambia atie klorini. Muuzaji hakusema uongo, wala kijana hakununua kwa uzembe. Kilichokosekana ni sentensi moja tu, ambayo ingesemwa kabla ya fedha kutolewa: bomba hili litafanya kazi gani.

Somo hili limejengwa juu ya sentensi hiyo. Ukimaliza kulisoma, tunatarajia uweze:

(a) kueleza mahitaji ya kazi yako kabla ya kutazama bei;
(b) kutambua sehemu za bomba zinazoharibika kwanza;
(c) kulijaribu bomba dukani kwa dakika chache;
(d) kukokotoa gharama ya bomba kwa mwezi, na
(e) kununua kwa namna inayolinda haki yako.

Hatutaji chapa yoyote. Chapa hubadilika, na bomba lenye jina lile lile huweza kuja na vipuri tofauti kutoka shehena moja hadi nyingine. Vigezo tunavyoeleza hapa vitakufaa kwa bomba lolote.

1. Anza na paa, kisha uje kwenye bomba

Mapaa hayafanani, na kila aina hudai njia yake.

Mabati yaliyopakwa zinki ndiyo mengi zaidi. Kwa mabati hayo, maji, sabuni laini na brashi isiyokwaruza hutosha kwa kazi nyingi. Klorini kali haifai, kwa kuwa hushambulia zinki inayolinda chuma. Bati linang'aa leo, kisha kutu huingia mapema kuliko ilivyopaswa. Mabati ya rangi nayo hupoteza rangi yakipigwa dawa kali au maji yenye msukumo mkubwa mno. Kumbuka pia kwamba kadiri namba ya geji inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Mtu aliyebeba bomba lililojaa akikanyaga bati jembamba mbali na mbao za kenchi, atalibonyeza au kulitoboa.

Vigae vya udongo au vya saruji huota ukoga na ukungu mweusi, hasa upande wenye kivuli cha miti. Hapa ndipo mchanganyiko hafifu wa klorini hutumika, nao ndio unaoharibu mabomba yaliyochaguliwa vibaya.

Mapaa ya saruji yenye asbesto yapo katika baadhi ya majengo ya zamani. Haya yasisuguliwe kwa brashi, wala yasipigwe maji ya msukumo mkubwa. Nyuzi zake zikipeperuka na kuvutwa kwa pumzi huweza kusababisha maradhi ya mapafu, yakiwemo ya saratani. Ukilishuku paa kuwa la namna hii, acha kazi hiyo na umshauri mwenye nyumba awaone wataalamu wa mazingira.

Kabla ya kwenda dukani, basi, andika mambo manne: aina ya mapaa utakayosafisha mara nyingi, dawa utakayotumia, urefu wa nyumba, na idadi ya siku utakazofanya kazi kwa wiki. Karatasi hiyo ndogo ndiyo itakayokuongoza.

2. Aina za mabomba na mahali pake

Bomba dogo la mkononi, la lita 5 hadi 8, hupampiwa kwanza kisha hupulizia. Linafaa kwa sehemu ndogo na kwa majaribio. Halifai kuwa tegemeo la kazi ya kila siku.

Bomba la mgongoni la kupampia kwa mkono, la lita 16 au 20, ndilo linalopatikana kwa urahisi zaidi. Halihitaji umeme wala petroli, na fundi wa kawaida huweza kulifungua. Udhaifu wake ni uzito. Lita 16 za maji ni kilo 16, na ukiongeza uzito wa bomba lenyewe unakaribia kilo 20. Mzigo huo juu ya ngazi ni hatari.

Bomba la mgongoni la betri husukuma maji kwa pampu ndogo ya umeme. Mkono haupampii, hivyo msukumo hauyumbi. Maisha yake hutegemea betri. Betri ya volti 12 yenye ujazo wa ampea-saa 8, ikiwa pampu inavuta ampea 2.5, kwa hesabu itafanya kazi saa 3 na dakika chache. Ikizeeka, muda huo hupungua. Muulize muuzaji kama betri huuzwa peke yake, na kwa bei gani. Ukiambiwa haiuzwi, umenunua bomba lenye tarehe ya kufa.

Pampu ya petroli yenye mpira mrefu hukaa chini na kupeleka maji juu. Inafaa kwa majengo makubwa, kama maghala na shule. Hata hivyo msukumo wake ni mkubwa mara nyingi kuliko wa bomba la mgongoni. Ukielekezwa ovyo huinua vigae, huingiza maji chini ya maungio ya mabati na kubandua rangi.

Kwa mtu anayeanza kazi katika nyumba za kawaida za Mwanga, Gungu au Ujiji, bomba la mgongoni la mkono au la betri hutosha, kwa sharti moja: lisipande juu ya paa. Liache chini au kwenye jukwaa imara, kisha ununue mpira mrefu zaidi na fimbo ndefu ya kupulizia. Kila mita 10 za kupandisha maji hula takriban baa 1 ya msukumo. Paa la mita 4, basi, hula baa 0.4 tu, na bomba zima lenye msukumo wa baa 2 hadi 3 halitashindwa. Kwa hiyo uliza kama mpira wa bomba unaweza kubadilishwa. Mabomba yenye maungio ya kufungwa kwa nati huruhusu. Yale yenye mpira uliogandishwa moja kwa moja hayaruhusu.

3. Sehemu zinazokufa kwanza

Wanunuzi wengi hutazama tanki kwa sababu ndilo linaloonekana. Tanki ndilo hufa mwisho. Vinavyokufa kwanza ni vitu vidogo vilivyojificha.

Sili na washa. Hizi ni pete za mpira zinazozuia maji yasivuje kwenye pistoni, kwenye kifyatulio na kwenye maungio. Mpira una aina nyingi. Mpira wa naitrili, ambao hustahimili mafuta, hauvumilii klorini kwa muda mrefu; hukakamaa na kupasuka. Mpira wa aina ya EPDM na ule wa FKM, ambao wengi huujua kwa jina la Viton, huvumilia klorini vizuri zaidi. Bomba la shambani haliwi baya kwa kuwa na sili za naitrili. Limetengenezwa kwa kazi nyingine. Soma kijitabu cha maelekezo au uliza, na kama hakuna anayejua aina ya sili, usilitie klorini.

Springi na vyuma vya ndani. Ndani ya kifyatulio na valvu mna springi ndogo. Ikiwa ni ya chuma cha kawaida, klorini huila haraka. Chukua sumaku ndogo uende nayo dukani. Chuma cha kawaida hunaswa kwa nguvu. Chuma cha pua kizuri aghalabu hakinaswi, au hunaswa kidogo sana. Sumaku haitoi ushahidi kamili, lakini huondoa udanganyifu wa wazi. Kwa fimbo ya kupulizia, ile ya plastiki ngumu au ya nyuzi za kioo ni salama zaidi mbele ya klorini kuliko ya alumini au ya shaba nyeupe.

Nozeli na chujio. Nozeli ni tundu dogo linalogawa maji. Mchanga mwembamba huipanua, na nozeli iliyopanuka hutumia dawa nyingi bila kusafisha zaidi. Wanaochota maji ziwani, kama pale Kibirizi au Katonga, wachuje kwa kitambaa safi kabla ya kumimina. Bomba zuri lina machujio mawili au zaidi: kwenye mdomo wa tanki, kwenye kishikio, na wakati mwingine nyuma ya nozeli.

Tanki. Plastiki ya polithini nzito hustahimili dawa nyingi, na mara nyingi chini ya tanki huwa na alama ya pembetatu yenye namba 2. Tazama kama unene wa ukuta ni sawa kila mahali: likiwa tupu, liinue kuelekea mwanga, sehemu inayopenyeza mwanga zaidi ndiyo nyembamba, na hapo ndipo litakapopasuka. Jua nalo huchakaza plastiki, kwa hiyo bomba lililokaa nje ya duka kwa miezi linaweza kuwa limezeeka kabla halijauzwa.

Mikanda na ndoano zake. Mkanda ukikatika, kilo 20 huanguka mara moja. Ivute kwa nguvu mbele ya muuzaji.

4. Jaribio la dakika kumi na tano dukani

Muuzaji mwaminifu hatakataa bomba lijaribiwe kwa maji safi. Fuata hatua hizi:

Kwanza, jaza maji kwa chombo ambacho ujazo wake unaujua, kwa mfano chupa ya lita 1 au dumu la lita 5. Hesabu lita zinazoingia hadi kwenye alama. Bomba linaloandikwa lita 16 lipokee lita 16.

Pili, pampia hadi mpini uwe mzito, au washa pampu ya betri, bila kufyatua. Ngoja dakika 5. Pitisha kitambaa kikavu chini ya tanki, kwenye maungio ya mpira na kwenye kifyatulio. Unyevu wowote ni uvujaji.

Tatu, fyatua na uache mara kumi. Maji yakatike mara moja kila unapoacha. Yakiendelea kudondoka, valvu ni mbovu au ina uchafu.

Nne, pulizia kwenye sakafu kavu ya saruji. Alama ya maji iwe ya duara au ya upana ulio sawa. Ikiwa upande mmoja ni mzito, nozeli ina kasoro.

Tano, lifungue. Muombe muuzaji akuonyeshe jinsi ya kutoa pistoni au kiwambo na sili zake, na jinsi ya kuzirudisha. Bomba lisilofunguka bila kuvunjwa halitengenezeki.

Sita, uliza vipuri. Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati, umbali wa takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Kipuri kisichopatikana Mwanga wala Ujiji kitasubiri gari au treni, na wewe utasubiri pamoja nacho huku msimu ukipita. Nunua seti moja ya sili siku ile ile unayonunua bomba. Ikiwa hazipo dukani leo, ni vigumu kutarajia kwamba zitakuwepo siku utakapozihitaji.

5. Hesabu ya gharama kwa mwezi

Bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama. Tutumie mfano; namba hizi ni za kufundishia, si bei za soko.

Bomba A linauzwa shilingi 50,000. Linadumu miezi 5 na kubadilishiwa sili mara mbili kwa shilingi 5,000 kila mara. Jumla ni shilingi 60,000. Ukigawa kwa miezi 5, unapata shilingi 12,000 kwa mwezi.

Bomba B linauzwa shilingi 110,000. Linadumu miezi 24 na kubadilishiwa sili mara tatu kwa shilingi 8,000 kila mara. Jumla ni shilingi 134,000. Ukigawa kwa miezi 24, unapata shilingi 5,583 kwa mwezi.

Sasa ongeza siku zilizopotea. Ikiwa bomba A lilikwamisha kazi siku mbili, na kila siku ilikuwa ya shilingi 20,000, umepoteza 40,000 nyingine. Gharama ya A inafika shilingi 100,000 kwa miezi 5, yaani 20,000 kwa mwezi. Bomba lililoonekana nafuu limekuwa ghali mara tatu na zaidi.

Hesabu hii haisemi kwamba kila bomba la bei kubwa ni bora. Inasema kwamba pasipo kumbukumbu huwezi kujua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe ya kununua, kila matengenezo, na kila siku iliyopotea. Mwakani utakapohitaji bomba jingine, daftari lako litakuwa mshauri wako bora kuliko tangazo lolote.

6. Taja matumizi yako, ulinde haki yako

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, ina kanuni ambayo kila mnunuzi anapaswa kuijua. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi mahususi anayoikusudia, kwa namna inayoonyesha kwamba anategemea ujuzi wa muuzaji, na bidhaa hiyo ikiwa ni ya aina ambayo muuzaji huyo huiuza katika biashara yake, basi bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha.

Tazama maneno "akimweleza muuzaji". Yule kijana wa Mwanga aliomba lita 16. Hakutaja mapaa wala klorini. Aidha, anayeagiza kwa jina la chapa tu, akisema "nipe lile la jina fulani", hudhoofisha dai lake, kwa kuwa amejichagulia mwenyewe badala ya kutegemea ujuzi wa muuzaji. Vilevile, ukilikagua bomba na ukaiacha kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua, ni vigumu kulalamika juu ya kasoro hiyo baadaye. Ndiyo sababu tunasisitiza jaribio la dakika kumi na tano: ukaguzi wa juu juu waweza kukuumiza.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji ugomvi. Yaweza kuwa hivi:

"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu. Karibu."
"Ahsante. Natafuta bomba la kusafishia mapaa ya vigae. Nitatumia maji ya klorini hafifu, siku tatu kwa wiki. Unalo linaloweza kazi hiyo?"
"Hili linaweza."
"Vizuri. Naomba unionyeshe sili zake, na kwenye risiti uniandikie: bomba la kusafishia mapaa, linastahimili klorini."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Muuzaji anayejua bidhaa yake ataandika. Anayesita amekupa jibu pia, na utakuwa umelipata bila gharama.

Dai risiti ya kielektroniki, na uombe maelezo hayo yaandikwe nyuma yake au kwenye karatasi ya mauzo yenye jina la duka, tarehe na sahihi. Udhamini nao uandikwe: wa muda gani, unahusu sehemu zipi, na nani anagharimia usafiri wa kipuri.

Bomba likiharibika mapema, acha kulitumia, lipige picha, kisha urudi dukani na risiti. Wengi humalizana hapo. Msipoelewana, afisa biashara wa Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji anaweza kukuelekeza hatua inayofuata. Malalamiko juu ya maelezo ya kupotosha na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Sheria ya Alama za Bidhaa. Yanayohusu ubora na viwango hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Yanayohusu ujazo usio wa kweli hupelekwa Wakala wa Vipimo.

Onyo moja kuhusu mabomba yaliyotumika. Bomba la mkulima huenda lilibeba viuatilifu au dawa ya kuua magugu. Mabaki ya sumu hizo hujificha kwenye mpira, kwenye sili na kwenye mikwaruzo ya tanki, na kuoshwa mara moja au mbili hakutoshi kukupa uhakika. Bomba la namna hiyo lisitumike kamwe juu ya paa linalokinga maji ya kunywa. Hali kadhalika, bomba lako la mapaa usilikodishe kwa kazi ya shamba. Liandike kwa rangi isiyofutika: MAPAA TU.

7. Kulitunza bomba

Bomba zuri likitunzwa vibaya hufa kama baya. Kila jioni mwaga mchanganyiko uliobaki mahali salama, jaza maji safi, pulizia hadi yaishe, kisha rudia. Klorini isilale ndani ya bomba hata usiku mmoja. Tundika bomba likiwa wazi, kichwa chini, kivulini. Betri ichajiwe siku ile ile. Betri ya risasi ikikaa wiki nzima bila chaji hupoteza uwezo ambao hauwezi kurudishwa.

Kwetu mawese hayakosekani, na mkono huyakimbilia kila kitu kinapokaza. Yasitumike kulainisha sili. Huganda, huchacha na kukusanya mchanga. Grisi ya magari nayo huvimbisha baadhi ya mipira, ikiwemo ile ya EPDM inayostahimili klorini. Tumia grisi ya silikoni, kiasi cha punje.

8. Usalama wako na maji ya mwenye nyumba

Kabla ya kupulizia, tenganisha bomba la mfereji na tanki la maji ya mvua, kisha uzibe mdomo wa tanki. Baada ya kazi suuza paa kwa maji mengi, na mshauri mwenye nyumba asiunganishe tena mpaka mvua ya kwanza ipite. Mvua ya milimita 1 tu juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 100 za maji. Hizo zimwagwe, kwa kuwa ndizo zenye mabaki. Maji ya kuoshea yasielekezwe kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Maji ya bomba ya mji huu huchotwa ziwani humo humo.

Klorini isichanganywe na asidi, wala na dawa nyingine za kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Mimina maji kwanza, klorini baadaye, ukiwa mahali penye upepo, na uvae glavu, miwani na viatu vya mpira.

Ngazi isimame kwa kipimo cha nne kwa moja: kwa kila mita 4 za kwenda juu, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani, na awepo mtu wa kuishika. Bati lililolowa huteleza. Usipulizie kuelekea waya wa umeme unaoingia nyumbani. Hakuna malipo ya siku moja yanayolingana na mgongo uliovunjika.

Maswali ya kujipima

1. Mteja ana paa la mabati ya zinki lenye vumbi na kinyesi cha ndege. Je, utatumia klorini? Kwa nini?
2. Bomba linauzwa shilingi 80,000, linadumu miezi 16 na kubadilishiwa sili mara mbili kwa shilingi 8,000 kila mara. Gharama yake kwa mwezi ni kiasi gani?
3. Jirani anakuuzia kwa nusu ya bei bomba alilotumia kupulizia mahindi. Utalichukua kwa kazi ya mapaa?
4. Ni sentensi gani unapaswa kuiomba iandikwe kwenye risiti?

Majibu

1. Hapana. Maji, sabuni laini na brashi hutosha. Klorini huharibu zinki na kuharakisha kutu.
2. Shilingi 80,000 ukijumlisha 16,000 ni 96,000. Gawa kwa 16: shilingi 6,000 kwa mwezi.
3. Hapana, kwa sababu ya mabaki ya viuatilifu.
4. Sentensi inayotaja kazi ya bomba na dawa litakalobeba.

Ndugu mnunuzi, ukisahau mengine yote, kumbuka hili la mwisho. Kabla ya kuuliza bei, sema kazi. Kuuliza si ujinga, na kumweleza muuzaji unachokusudia ni kinga ya mtaji wako, ya mgongo wako na ya maji ya familia iliyokuita juu ya paa lake.